Kuendesha gari nchi ya watu ukiwa na ulemavu: mambo ya kumaliza kabla hujaondoka

Kama unaendesha kwa vidhibiti vya mkono (leva ya kukupa breki na mafuta kwa mkono badala ya miguu), au kwa mguu mmoja, au unaendesha kawaida ila ukishuka lazima kiti cha magurudumu kiwepo, kuendesha nchi ya watu kunawezekana kabisa na watu wanafanya kila siku. Mimi naendesha kwa mkono na nasema hivi: ugumu mara nyingi hauko barabarani. Uko pale kaunta ya kukodi gari usiku, umechoka na safari, kijana anakupa funguo ya gari ambayo huwezi kuiendesha na anakwambia ndiyo iliyopo. Ndio maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya ukiwa bado kwako, na kazi yenyewe ni ileile kila mahali: uliza mapema, uliza kwa sentimita, na jibu lije kwa maandishi. Mtu akikujibu kwa simu "usijali, gari zetu zinafaa walemavu" bado hajakujibu.

1. Anza na leseni, na uigeuze usome nyuma

Leseni nyingi zina namba ndogo nyuma ambazo watu hawazisomi. Kwa leseni za Ulaya 78 maana yake ni otomatiki tu, 20 ni breki zilizobadilishwa, 25 eksileta iliyobadilishwa, 35 ni swichi na vitufe vilivyohamishwa, 40 usukani. Nchi nyingine zinaandika kwa maneno. Vyovyote iwavyo hayo masharti yanasafiri na wewe, kuvuka mpaka hakuyafuti. Leseni yako ikisema otomatiki na ukaendesha gari ya gia kwa sababu ndiyo iliyobaki, umeendesha bila leseni halali, na bima ikigundua hilo siku ya ajali una shida kubwa sana.

Halafu kibali cha kimataifa cha kuendesha. Vipo vya aina mbili vinavyotumika sana, cha mkataba wa Geneva wa 1949 ambacho hudumu mwaka mmoja, na cha mkataba wa Vienna wa 1968 ambacho kinaweza kufika miaka mitatu. Angalia nchi unayokwenda inakubali kipi, maana Japani kwa mfano inataka kile cha 1949 tu, ukienda na kingine hawakipokei hata kama ni halali kabisa. Kinatolewa na nchi iliyotoa leseni yako, kwa hiyo kukitafuta ukiwa umeshafika ni mateso. Na hizo tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" ya miaka kumi kwa kadi ya benki ziache, karatasi yao haina nguvu yoyote. Ukikipata hakikisha yale masharti ya leseni yako yameandikwa na humo pia, na utembee na vyote viwili, kibali peke yake bila leseni hakitoshi.

Omba pia barua fupi ya daktari, ukurasa mmoja: ulemavu wako, dawa unazotumia, vifaa unavyoendeshea, na kwamba unafaa kuendesha. Itafsiriwe kwa lugha ya huko. Hii barua utaitoa uwanja wa ndege, kwa polisi na kwa bima.

2. Kadi ya maegesho

Hapa watu wanadhani ile alama ya kiti cha magurudumu ni moja dunia nzima kwa hiyo na haki ni zilezile. Alama ni moja, haki ni tofauti sana.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina kadi ya bluu ya mfano mmoja, iliyotokana na pendekezo la mwaka 1998, na ya nchi moja inatambuliwa na nyingine. Ila kinachoruhusiwa ndani ya kila nchi kinaamuliwa na nchi yenyewe, na wakati mwingine na mji. Ufaransa sheria ya 2015 inampa mwenye kadi kuegesha bure kwenye maegesho ya umma ya barabarani, siyo yale ya walemavu tu, na mji ukiweka kikomo hakiwezi kuwa chini ya saa 12. Italia tangu Januari 2022 unaweza kuegesha bure kwenye mistari ya bluu ya kulipia endapo nafasi za walemavu zimejaa. Uingereza kadi yao wanaita Blue Badge, na huko England na Wales inakuruhusu kuegesha kwenye mstari wa njano, ambako wengine hukatazwa, kwa muda usiozidi masaa matatu, ukiwa umeweka na saa ya karatasi inayoonyesha ulifika saa ngapi, lakini katikati ya London kuna maeneo yenye utaratibu wao na hiyo ruhusa ya mistari ya njano haifanyi kazi. Tangu Uingereza itoke kwenye Umoja wa Ulaya zipo nchi ambazo hazijaeleza wazi kama zinaitambua, kwa hiyo mwenye Blue Badge aulize kwanza.

Marekani kila jimbo na lake. Yapo yanayoheshimu kadi ya kigeni, yapo yanayotoa kadi ya muda kwa mgeni. Andikia ofisi ya magari ya jimbo unalokwenda wiki kadhaa kabla, na uchapishe majibu yao uyaweke garini.

Mambo matatu ya maegesho yanayowaponza wageni. La kwanza, Italia miji mingi ina maeneo ya ZTL katikati, huingii bila ruhusa na kuna kamera zinasoma plate namba. Mwenye kadi ya ulemavu anaruhusiwa, ila kamera haioni kadi yako iliyo kwenye kioo, inaona namba tu, kwa hiyo lazima namba ya gari iandikishwe kwa manispaa. Kwa gari ya kukodi maana yake namba unaipata siku ya kuchukua gari, basi hiyo imeili uwe umeshaiandika imebaki kujaza namba na kutuma. London nayo ada ya kuingia katikati ya mji imesamehewa kwa mwenye kadi, wa nchi za Ulaya pia, lakini mpaka ujiandikishe kwanza na usajili wenyewe ni pauni 10. La pili, ukikuta nafasi ya walemavu ambayo kibao chake kina namba imeandikwa chini ya alama, usiegeshe, hiyo ni ya mtu mmoja maalum anayeishi pale na gari yako itavutwa. La tatu, ile sehemu yenye mistari ya mshazari pembeni ya nafasi siyo ya kuegesha hata dakika moja, ni ya kufungulia mlango na kushusha rampu. Marekani kwa nafasi za vani hiyo sehemu inaweza kuwa na upana wa inchi 96, karibu mita mbili na nusu, na utaelewa kwa nini siku mtu akikuziba.

3. Gari ya kukodi: imeili moja ndefu inaokoa safari

Marekani kampuni kubwa za kukodi hufunga vidhibiti vya mkono bila kuongeza bei, ila wanataka taarifa mapema, siku mbili tatu au zaidi kutegemea na mji. Ulaya zinapatikana lakini kwa miji michache na magari machache, na sehemu nyingi gari ya bei ya kawaida ni ya gia, kwa hiyo otomatiki yenyewe inabidi uiombe. Mimi nasema anza wiki sita kabla kama unaweza.

Kabla ya kuandika, chukua futi upime vitu vyako. Kiti chako kikiwa kimekunjwa, urefu, upana, kimo, na magurudumu yakiwa yametolewa na yakiwa hayajatolewa. Urefu wa siti ya gari yako kutoka chini, ile unayohama nayo bila shida. Nafasi unayohitaji kati ya siti na mlango. Halafu imeili iulize hivi:

- Vidhibiti ni vya aina gani, vya kusukuma na kuvuta, au vya kusukuma breki na kukandamiza chini kwa mafuta?
- Leva iko upande gani wa usukani, kulia au kushoto?
- Kinobu cha kushikia usukani kipo? Kimefungwa upande gani?
- Mdomo wa buti una upana na kimo gani, na kizingiti chake kiko sentimita ngapi kutoka chini?
- Siti ya dereva iko sentimita ngapi kutoka chini, na inarudi nyuma kiasi gani?
- Nani anafunga vifaa, na gari itakuwa tayari saa ngapi?

Ya mwisho kabisa na ndiyo muhimu kuliko zote: gari ni hiyo hiyo, au ni "hiyo au inayofanana nayo"? Kwa mteja mwingine gari inayofanana ni sawa tu. Kwako gari yenye siti iliyopanda sentimita 8 zaidi inaweza kuwa ni gari ambayo huingii. Mwambie aandike kwamba modeli haitabadilishwa bila kukuuliza.

Kuna watu husafiri na vidhibiti vyao vya kubebeka, vile vya kufunga na kufungua wenyewe. Vinasaidia, lakini uliza kwanza mambo mawili: nchi hiyo inaviruhusu kisheria, na mkataba wa kukodi unaruhusu ufunge kitu kwenye pedali. Kama jibu ni hapana usivifunge kimya kimya, maana ajali ikitokea unalipa wewe.

Siku ya kuchukua gari usikubali kuharakishwa. Kaa, vuta siti mpaka ulipozoea, kisha sukuma leva ya breki mpaka mwisho kabisa kwa nguvu kama unasimama ghafla. Angalia vidole vyako viko wapi breki inapofika mwisho. Kuna gari ambazo hapo konzi inagonga kijiti cha wipa nazo zinaanza kufanya kazi, au leva inagusa goti na breki haifiki mwisho wake, na hiyo ya pili gari usiondoke nayo hata kidogo. Shika boliti za pale leva ilipofungwa kwenye pedali na kwenye nguzo ya usukani, zitikise, kitu kisicheze. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kinobu hakikwami kwenye paja. Bonyeza mafuta, achia, hakikisha inarudi yenyewe. Piga picha vyote. Halafu zunguka palepale kwenye yadi yao mpaka mkono uzoee, ndiyo utoke barabarani.

4. Usukani ukihamia upande mwingine, mkono wako nao unahama

Hili ndilo nataka ulisome mara mbili. Dereva wa miguu akitoka nchi ya kuendesha kushoto kwenda ya kuendesha kulia, miguu yake inafanya kazi ileile, mafuta kulia breki kushoto kwake. Kwako sivyo. Gari za usukani wa kushoto, kama za Marekani, leva ya mkono kwa kawaida inafungwa kushoto na usukani unaushika kwa mkono wa kulia. Gari za usukani wa kulia, kama za Uingereza, kwa kawaida ni kinyume, leva kulia na kinobu kushoto. Kwa hiyo mkono uliokuwa unafunga breki sasa unakata kona. Kama mikono yako yote ina nguvu sawa ni suala la kuzoea, toa siku nzima ya kuzoea kwenye barabara tulivu kabla ya barabara kuu. Kama mkono mmoja ni dhaifu, hiyo gari huenda haikufai kabisa, na ni bora ujue kabla ya kulipia tiketi.

Wenye eksileta ya mguu wa kushoto waulize pia kama pedali ya kawaida ya kulia inakunjwa au kuzibwa, isije ikakanyagwa bahati mbaya.

Wa vani zenye rampu ya ubavuni: rampu imejengwa kushuka upande wa abiria, yaani kwenye ukingo wa barabara. Ukiipeleka gari yako nchi ya kuendesha upande mwingine, rampu inashuka katikati ya barabara, magari yanapita. Huko tafuta maegesho ya nje ya barabara tu, au kodi vani ya rampu ya nyuma. Na ya nyuma nayo inataka nafasi ya wazi nyuma yako, kwa hiyo bandika kikaratasi kwenye kioo cha nyuma kwa lugha ya huko: acheni mita tatu. Halafu ujue kimo cha vani yako, kiandike kwenye dashibodi, maegesho ya chini ya ardhi mengi ni mafupi. Hata kiwango cha Marekani cha njia na nafasi za vani ni inchi 98, yaani mita 2.49.

5. Gari ikiharibika

Bima ya msaada barabarani wengi wananunua bila kusoma, na imeandikwa kwa mtu anayeweza kushuka, kutembea nyuma ya kingo za chuma na kupanda kwenye kabini ya gari la kuvuta. Kabini ile iko juu, kupanda kutoka kwenye kiti ni shida. Piga simu kabla ya kununua uulize: mkija kuvuta gari, mimi na kiti changu tunaondoka na nini? Mnaleta teksi ya kuingia na kiti? Gari ya kubadilishiwa itakuwa na vidhibiti vya mkono, na kama haina mnanilipia nini, hoteli, teksi, au mnanirudisha nyumbani? Waandikie bima pia kila kifaa kilichoongezwa kwenye gari na thamani yake, na kila ugonjwa ulionao, hata ule unaoona mdogo.

Nchi nyingi zinataka pembetatu ya tahadhari na koti la kung'aa, Ufaransa vyote viwili. Koti liwe mlangoni unapofikia umekaa, siyo kwenye buti chini ya kiti. Pembetatu kwa mtu asiyeweza kushuka ni tatizo, na kwenye barabara kuu ya kasi ni hatari kwa yeyote. Washa haizadi, funga mkanda ukibaki ndani, piga simu na sentensi ya kwanza iwe: mimi ni mlemavu, siwezi kutoka kwenye gari. Namba ni 112 nchi zote za Umoja wa Ulaya na 911 Marekani. Hispania wameanza kutumia taa ya V16 ya kuweka juu ya paa, unatoa mkono dirishani unaibandika bila kushuka, na tangu Januari 2026 ndiyo lazima kwa gari zilizosajiliwa huko. Ukikodi gari Hispania uliza ilipo kabla hujaondoka.

6. Kiti chako kwenye ndege na kwenye feri

Kwa ndege za Ulaya kanuni namba 1107 ya 2006 inakupa msaada bure uwanjani ukitoa taarifa saa 48 kabla, na vifaa viwili vya kutembelea vinabebwa bure. Toa mto, toa vile vya pembeni na kila kinachochomoka, ingia navyo ndani. Kiti cha umeme, andika aina ya betri na ukubwa wake kwa wati-saa, maana betri ya lithiamu inayotolewa ina kikomo cha 300, au mbili za 160 kila moja. Sasa fidia: safari za kimataifa chini ya mkataba wa Montreal kiti kinahesabiwa kama mzigo, na kikomo chake tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), fedha ambayo kwa viti vingi haitoshi. Dawa yake ni kutoa tamko maalum la thamani wakati wa kukabidhi kiti, au kukikatia bima yake. Kipige picha pande zote mlangoni mwa ndege.

Feri, wajulishe wakati wa kukata tiketi kwamba unahitaji kuegeshwa karibu na lifti na mlango ufunguke wote, fika mapema. Kati ya Uingereza na Ufaransa kuna treni ya magari ya chini ya bahari, kama dakika 35, unabaki ndani ya gari yako mwanzo mwisho, kwa wengi wetu hiyo ni raha kuliko feri.

7. Mafuta, malipo ya barabara, choo

Marekani sheria ya haki za walemavu, ADA, inataka sheli za kujihudumia zimsaidie dereva mlemavu kuweka mafuta kwa bei ileile ya kujihudumia, isipokuwa pale mfanyakazi ni mmoja tu. Piga honi au piga namba yao. New Jersey hujihudumii kabisa, wanakuwekea. Kwingine piga simu kabla ya kutoka barabara kuu, na usisubiri tanki likaribie kuisha.

Vibanda vya kulipia barabara, ukiwa na gari ya usukani wa upande mwingine dirisha lako liko mbali na mashine. Chukua kile kifaa cha kubandika kwenye kioo kinacholipa chenyewe, ni pesa kidogo na kinakuondolea foleni na aibu ya kupigiwa honi.

Vyoo: Ujerumani, Austria na Uswisi vyoo vingi vya walemavu vya barabara kuu vinafunguliwa na ufunguo mmoja unaoitwa Euroschlüssel, ulianza 1986, unaagizwa kwa chama cha CBF cha Darmstadt ukionyesha uthibitisho. Uingereza wana wao, wa RADAR. Agiza mapema.

8. Mwili wako

Ugenini unaendesha masaa mengi kuliko kawaida. Kama huna hisia za makalio jiinue kama kawaida yako, weka alamu. Walioumia uti wa mgongo juu hawatoki jasho chini ya jeraha, kwa hiyo AC ikifa kwenye joto simama, jimwagie maji, usisubiri kujisikia vibaya. Mwenye kutumia insulini apime ndani ya saa mbili kabla ya kuanza na kila saa mbili njiani, na insulini isibaki garini wala isiende kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Dawa za maumivu na za kulegeza misuli zisome upya. England na Wales tangu Machi 2015 kuna viwango vya dawa kama morphine na diazepam kwenye damu ya dereva, na kinachokulinda ni kuwa umeandikiwa, umezitumia kama ulivyoelekezwa, na haukulewa nazo. Kwa hiyo boksi lenye jina lako libaki garini. Nchi za Schengen (zile za Ulaya zisizokaguana mipakani) zinamtaka mkazi wao anayesafiri kati yao na dawa zinazodhibitiwa awe na cheti maalum cha siku 30.

Kiziwi anayeendesha abebe kadi ya lugha ya huko inayosema hasikii na anaomba kuandikiwa, iwe kwenye kioo cha juu, na polisi akikusimamisha mikono ibaki kwenye usukani mpaka ameisoma. Watumiaji wa vidhibiti vya mkono nao waseme mapema mikono yao iko wapi na kwa nini.

9. Kurudisha gari

Panga na hili, wengi wanalisahau. Basi la kutoka yadi ya kukodi kwenda uwanja wa ndege linaweza kuwa halina rampu. Waambie siku ya kuchukua gari kwamba utaendesha mpaka mlango wa abiria na mfanyakazi wao achukue gari pale, liandikwe kwenye mkataba. Piga picha vidhibiti na mafuta yalipo kabla ya kukabidhi funguo, na dai risiti palepale.